Mambo ya Kale ya Mlimani

Ukitaja mambo ya kale hapa Tanzania, mtu wa kawaida hufikiria kuta. Atakutajia Kilwa Kisiwani na msikiti wake mkuu, magofu ya Kaole karibu na Bagamoyo, au nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na milango yake ya nakshi. Hana makosa. Kuta hizo zipo, zinaonekana, na anayezitembelea hurudi nyumbani akiwa na picha. Lakini mgeni akifika Moshi na kutuuliza tumwonyeshe mambo ya kale, wengi wetu humwelekeza juu kwenye theluji, kana kwamba kabla ya wapanda mlima hapakuwa na jambo lolote katika nchi hii.

Hata ulimwengu umetusaidia kufikiri hivyo. Mwaka 1987 Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Iliingizwa kwa ajili ya uzuri wa asili: mlima uliosimama peke yake, theluji, misitu na wanyama. Ni heshima kubwa, nami naifurahia. Hata hivyo hadhi hiyo haiwahusu watu walioishi katika miteremko ya mlima huo kwa mamia ya miaka, wakalima, wakapigana, wakapatana na kuzikana. Habari zao hazina budi kutafutwa mahali pengine.

Mimi si mtaalamu wa historia wala wa mambo ya kale. Ni mwenyeji tu ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa na desturi ya kutumia siku za mapumziko kutembelea sehemu zenye habari za zamani, mjini na vijijini. Katika kutembea huko nimefikia wazo moja ambalo napenda kumshirikisha msomaji. Urithi mkubwa wa watu wa Kilimanjaro haukujengwa kwa chokaa. Sehemu kubwa yake ni vitu vilivyo hai: mti, mfereji, mpaka wa majani, shamba la migomba. Tofauti kati ya ukuta na kitu kilicho hai si ndogo. Ukuta ukiachwa miaka mia, unabaki gofu, na wataalamu wanaweza kuja kulisoma. Mti ukifa, au mfereji ukifukiwa, hakuna gofu. Panabaki kilima tu, na anayepita hajui kwamba palikuwa na jambo.

Tuanze na mji, maana ndiko mgeni anakofikia. Kituo cha reli cha Moshi ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu reli ndiyo iliyouleta mji hapa ulipo. Njia ya reli kutoka Tanga, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika mwaka 1911. Kabla ya hapo jina la Moshi lilikuwa jina la nchi ya juu, nchi ya Mangi Rindi, ambaye wageni wengine walimwita Mandara. Boma la Wajerumani lilikuwa huko huko juu. Garimoshi haliwezi kupanda miteremko ile, kwa hiyo mji ulishuka kulifuata, na jina likashuka pamoja nao. Nchi yenyewe yenye jina ikabaki kuitwa Old Moshi, na hata bibi asiyejua neno jingine la Kiingereza atakuambia kwamba anatoka Old Moshi. Kwa muda mrefu kituo kile kilikaa bila treni ya abiria. Mwaka 2019 treni kutoka Dar es Salaam ilirudi, na watu walijaa kuipokea. Wengine walikuwa watu wazima ambao hawakuwahi kuona abiria wakishuka pale.

Mjini lipo pia jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wengi hupita mbele yake wakiwa na haraka zao. Lakini habari zake zinastahili mtu asimame. Mwaka 1925 wakulima Waafrika wa mlimani walianzisha chama cha kutetea haki yao ya kulima kahawa, zao ambalo baadhi ya walowezi hawakutaka walilime. Chama hicho ndicho kilichofuatiwa na KNCU, iliyoandikishwa mwaka 1933. Tusidhani mambo yalikuwa ya amani tupu. Mwaka 1937 wakulima wengi waliukataa utaratibu wa kulazimishwa kuuza kahawa yao yote kupitia chama hicho, na ghasia zikazuka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika nchini kote, na katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Ndani ya jengo lile kuna ugomvi, ushindi na hasara za wazee wetu, na ni vyema tukiyaona yote matatu. Jengo linaloonyeshwa kwa sifa peke yake halimfundishi mtu chochote.

Sasa tupande. Ukitoka mjini kwa barabara ya Himo, unafika Kiboriloni, mahali penye soko maarufu la mitumba. Hapo unaiacha barabara kuu na kuanza kuupanda mlima. Joto linapungua, migomba inaongezeka, na baada ya muda uko Old Moshi. Huko, katika kijiji cha Tsudunyi, upo mti ambao kwangu ni mahali pazito kuliko pote katika mkoa huu.

Habari zake kwa ufupi ni hizi. Rindi alifariki mwaka 1891 na mwanawe Meli, aliyekuwa bado kijana, akashika nchi. Juni 1892 jeshi la Wajerumani lilimshambulia. Meli na askari wake walilishinda, na kamanda wake, von Bülow, alikufa katika vita hivyo. Wajerumani waliiacha Moshi kwa muda. Agosti 1893 walirudi na jeshi kubwa zaidi, na safari hii Meli alishindwa. Aliendelea kuwa mangi chini yao kwa miaka michache. Kisha akashitakiwa kwamba anapanga uasi pamoja na viongozi wengine. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa katika mti, pamoja na viongozi wengine 18, miongoni mwao Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kwa siku moja nchi nyingi zilipoteza viongozi wao.

Mara ya kwanza nilipofika pale, nilimkuta mzee mmoja amekaa karibu na njia. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, kama ilivyo ada. Baada ya kuridhika aliniongoza mpaka chini ya mti. Hakunisimulia kwanza habari za vita. Aliniambia, "Mwanangu, watu wanakuja hapa kutazama mti. Mti si kitu. Kichwa chake hakipo." Kisha akanyamaza.

Alikuwa na maana gani? Katika familia ya Meli na katika nchi nzima ya Old Moshi inajulikana kwamba baada ya kunyongwa, kichwa cha mangi kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Miaka ile madaktari na wakusanyaji wa makumbusho ya Berlin, akiwamo Felix von Luschan, walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu kutoka makoloni, wakidai kwamba kwa kuyapima wangegundua tofauti za watu. Sayansi hiyo imekwisha kukataliwa, lakini mafuvu yalibaki kwenye masanduku. Mjukuu wa Meli, mzee Isaria Meli, alitumia miaka mingi ya maisha yake akiomba kichwa cha babu yake kirudishwe. Mwaka 2018, akiwa mtu mzima sana, alisafiri mpaka Berlin akatoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu yaliyohifadhiwa huko. Septemba 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba imepata jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu kutoka Tanzania. Moja lilikuwa la mtu aliyeandikwa kwa jina la Akida, aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Kwa nini kichwa kiwe na uzito hivyo? Waandishi wa mwanzo wa karne ya 20 walieleza desturi ya zamani ya Wachagga: mzee alizikwa nyumbani, na baada ya muda mifupa yake ilifukuliwa na kichwa kikawekwa pembeni mwa kihamba, mahali palipozungushiwa masale. Sale ni mmea wa majani marefu unaoonekana kila mahali mlimani. Ndio mpaka wa shamba, ndio alama ya kaburi, na ndio jani anayekosa hulipeleka kwa aliyemkosea ili aombe msamaha. Mahali palipokuwa na vichwa vya mababu ndipo ukoo ulipojua kwamba ardhi ni yake na kwamba wazee wako nao. Kwa hiyo kumchukua mangi kichwa hakukuwa kumnyang'anya uhai tu. Kulikuwa kuwazuia watu wake wasimalize kumzika. Mzee wa Tsudunyi alikuwa akiniambia kwamba mazishi hayo hayajakwisha.

Mwaka 2019 iliwekwa pale sanamu ya Meli. Ni jambo jema. Lakini aendaye Tsudunyi aende akijua kwamba anakwenda msibani, si bustanini.

Si mbali na hapo kuna Kidia, kwenye kanisa la Kilutheri na habari za mmisionari Bruno Gutmann. Alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na, ukiondoa vipindi alivyokuwa kwao, alikaa mpaka mwaka 1938. Alijifunza Kichagga, akakaa na wazee, akaandika vitabu vikubwa juu ya sheria na mila za Wachagga. Kitabu chake cha sheria kilichapishwa mwaka 1926 huko Ujerumani, kwa Kijerumani. Hapa mtu hupata mawazo mchanganyiko. Bila Gutmann mengi yangepotea. Lakini kijana wa Old Moshi akitaka kujua babu wa babu yake alivyoamua kesi ya mpaka, yampasa ajifunze lugha ya wale waliomnyonga mangi wake. Ndiyo maana naheshimu sana kazi ya Petro Itosi Marealle, aliyeandika kwa Kiswahili kitabu *Maisha ya Mchagga hapa Duniani na Ahera*. Huyo alitufungulia mlango upande wetu.

Msomaji anaweza kunipinga na kusema kwamba hata mlimani kuna mawe. Ni kweli. Kibosho alikuwako Mangi Sina, aliyekuwa na nguvu kuliko wengine wengi wakati wake, na alijenga boma la kuta za mawe. Wajerumani chini ya Wissmann walilishambulia Februari 1891. Ukienda Kibosho bado utaonyeshwa masalia yake. Marangu nako kuna mapango ambayo Wachagga waliyachimba ardhini ili kujificha na kuficha ng'ombe nyakati za vita, ama dhidi ya Wamasai, ama wao kwa wao. Humo mtu anapita ameinama, na anaelewa haraka kuliko kwa kusoma kitabu kwamba nchi hizi hazikuwa za raha tupu kabla ya mkoloni. Wamangi walipigana, walitekana ng'ombe na watu, na wengine waliwatumia Wajerumani dhidi ya majirani zao. Marangu ilipanda chati wakati Moshi na Kibosho zilipoanguka. Hata habari za kifo cha Meli husimuliwa tofauti kadiri unavyohama kijiji. Mtu asikilize kote na asiwe na haraka ya kuamua.

Hapo hapo Marangu, kwenye lango la hifadhi, kuna kumbukumbu za Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kileleni mwezi Oktoba 1889. Meyer alichukua jiwe la kileleni akalipeleka kwa Kaisari wake, na likawekwa ukutani katika jumba la kifalme la Potsdam. Kilele chenyewe alikiita kwa jina la Kaisari huyo. Jina hilo tumekwisha kulibadili: ni Uhuru, na mwenge uliwashwa kule juu usiku wa Desemba 1961. Majina yaliwezekana kurudishwa kwa usiku mmoja. Vitu vingine, kama tulivyoona, vinachukua zaidi ya miaka mia.

Nimeuacha mfongo mwisho kwa makusudi, ingawa ndio wenye umri mkubwa na ndio usiotazamwa na mtu. Mfongo ni mfereji unaochukua maji kutoka mtoni, juu kabisa karibu na msitu au ndani yake, na kuyaongoza kwa kilomita kadhaa kando ya kilima mpaka vihambani. Uliochimba hakuwa na kipimo cha mhandisi. Aliyafuata maji yenyewe, akiyaachia yatembee kidogo na kuona yanakokwenda. Ukoo uliochimba ulikuwa na usimamizi wake. Kulikuwa na siku za kazi za kuuzibua, faini kwa asiyefika, na zamu za maji kwa kila kihamba. Wageni wa karne ya 19 waliofika kwa Rindi waliistaajabia mifereji hii. Ulezi ulimwagiliwa kwa maji yake wakati wa kiangazi, na bila ulezi hakuna mbege, na bila mbege hapakuwa na posa, wala suluhu, wala tambiko. Kwa hiyo mtu anayesimama kando ya mfongo anatazama sheria, uchumi na ibada ya watu kwa pamoja, vyote katika kijito cha upana wa hatua moja.

Mwaka 2011 shirika la FAO lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Migomba, mibuni, mazao ya chini na miti mikubwa ya kivuli hukaa pamoja katika shamba moja bila kuichosha ardhi. Kumbe lile tunaloliita shamba la bibi ni jambo la kale linaloheshimiwa! Lakini wakati huo huo vihamba vinagawanywa mpaka mtoto anarithi mahali pa nyumba tu. Mibuni inang'olewa bei ikishuka. Vijana wako Dar es Salaam na Arusha, na siku ya kuzibua mfongo wanakuja wazee watatu. Mifongo mingi imekwisha kukauka. Nimepita sehemu ambapo niliambiwa kwamba palikuwa na mfongo, na kama nisingeambiwa, nisingejua. Nyasi zilikuwa zimeota sawasawa.

Nilipomwuliza mzee mmoja wa huko kama kuna mtu aliyeandika jina la mfongo ule, na la ukoo uliouchimba, alinitazama kwa mshangao. "Tuliuandika kwa majembe," akasema, "kila mwaka." Ni jibu zuri, na linaeleza shida yenyewe. Kitu kilichoandikwa kwa jembe kinafutika mwaka ambao jembe halikuja.

Je, tufanye nini? Sipendekezi kwamba kila mfongo uzungushiwe waya na kuwekewa kibanda cha tiketi. Kwanza hatuna fedha hizo, na pili mfongo usiotumika si mfongo tena. Napendekeza mambo madogo ambayo kila mtu anayaweza. Wale wanaorudi mlimani mwezi Desemba, na sote tunajua barabara zinavyojaa magari siku hizo, watenge asubuhi moja kabla ya nyama na mbege. Wamchukue mzee mmoja na watoto wa nyumbani, watembee. Wamwulize mzee: mfongo huu unaitwaje, nani aliuchimba, ulikauka lini? Masale haya yamezunguka kaburi la nani? Mbuni wa kwanza wa kihamba hiki ulipandwa na nani? Mtoto mmoja anayejua kuandika ayaandike majibu katika daftari, na daftari likae nyumbani pamoja na hati za shamba.

Shule nazo zingeweza kufanya hivyo kwa kijiji kizima. Mwanafunzi wa Old Moshi anafundishwa habari za Kilwa, na ni haki afundishwe. Lakini Tsudunyi anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya saa sita mchana. Na kwa nini sisi wa mjini, tunapowapokea wageni, tuwapeleke moja kwa moja kwenye lango la hifadhi? Wapitie Tsudunyi kwanza. Wasimame chini ya mti ule dakika chache, wasikie ni nini kilitokea na ni nini kinachosubiriwa mpaka leo. Kisha wapande mlima wakiwa wanajua wanapita katika nchi ya akina nani.

Mti ule nao utaanguka siku moja, kama miti yote. Hatuwezi kuuzuia uzee. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku hiyo wapo watu wa kutosha wanaojua mahali uliposimama na sababu ya kupanda mwingine. Na kichwa cha Mangi Meli kikipatikana, kama wengi wetu tunavyoomba, wawepo watu wanaojua kukizika: wapi, kwa maneno gani, na sale likatwe wapi.

Hilo halitafanywa na makumbusho yoyote ya mbali. Litafanywa na watu wa Old Moshi, iwapo kati ya sasa na siku hiyo tutakuwa tumewauliza wazee wetu.